Wajina wa Elsa

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Gladness alipanda kutoka chumba cha kufulia, kikapu cha nguo kiunoni, akamkuta bintiye Elsa, wa miaka minane, amesimama wima katikati ya jiko, mikono ubavuni, hapepesi macho.

"Mchezo gani huo?"

"Subiri," Elsa alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, midomo ikisogea kidogo mno. "Hajamaliza kunipiga picha."

Gladness alicheka. Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa mtaa wao, Alby, anakowafundisha watoto wa Waswahili, walikuwa na siku ya Afrika Magharibi. Walipiga ngoma na kujifunga vitambaa vya kente, kisha akawaonyesha picha za zama za ukoloni. Waliopigwa picha hizo waliamriwa kutotikisika hadi kioo cha kamera kiwanase. Chini ya kila picha pameandikwa kabila na mwaka, jina hakuna. Hilo lilimuuma.

"Basi ninyi wapeni majina," aliwaambia.

Jibril, mmoja wa wanafunzi, alimwita mzungu mwenye masharubu Bwana Brashi, ukumbi ukaangua kicheko. Elsa alimtazama sana msichana mmoja wa Pwani ya Dhahabu, wa rika lake, akampa jina lake mwenyewe. "Sasa ni wajina wangu." Gladness alimsifu. Si yeye aliyewafundisha kwamba wajina hawanyimani kitu?

Jumatatu nyumba ilinuka moshi wa kuni mbichi, na ndani ya moshi dawa kali ya kusafishia picha, ya kuchoma pua, ilhali jiko lao ni la umeme. Jumanne, saa tisa alasiri, giza la Desemba limeshashuka, alisikia nyayo tupu zikipita kwenye korido kuelekea chumba cha Elsa, taratibu, kama za mtu anayejifunza nyumba ya watu, na alipochungulia akamwona mwanawe amesimama tena wima, na nyayo bado zinatembea, zikamzunguka, zikasimama pale pale alipo, kisha kifua cha Elsa kikapanda kwa pumzi mbili kwa mpigo.

Jirani wa ghorofa ya juu, Maman Perpétue, Mkongo anayesafisha mabasi na kuombea watu, alipoitwa jioni ile alishuka na viatu vyake vya kazini.

"Mama Elsa, usilie. Huyu ni pepo ya mutoto," alinong'ona. "Naye balimutesa. Lakini pepo haitoke kama hauite jina yake."

Alimshika Elsa kichwa. "Weye uko ndani, jina yako ni nani?"

Harufu ikazidi.

"Jina yako!"

"Elsa," ikasema sauti nyembamba, kavu.

"Haya! Ameitika. Elsa, mu jina ya Yesu, toka!"

Gladness aliruka kumziba Perpétue mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mtoto akaanguka. Mlango wa nje ukafunguka na kujibamiza wenyewe, na ile harufu ikakatika kama iliyofunikwa.

"Unaona? Amekwenda," Perpétue alisema, akitweta.

Mtoto aliinuka, akajipangusa magoti, akamwinamia Gladness. "Shikamoo, mama." Kiswahili safi. Miaka minane Gladness aliomba kusikia hivyo.

"Maman Perpétue," alisema polepole, "umemtoa yupi?"

Perpétue aligeukia mlango. Maana kutoka kwenye ngazi za jengo, nyuma ya mlango, mtoto alikuwa akilia kwa Kiswidi kwamba anasikia baridi, kwamba mama amfungulie.

Gladness akafungua. Ngazi tupu. Akaita jina, na nyuma yake, ndani, sauti ikaitika, "Abee, mama," huku kilio kikishuka ghorofa moja, kisha nyingine, kikiondoka. Akaita tena kwa nguvu zaidi, na tena aliyeitika ni wa ndani, mpole, mwenye hamu, kama mtu aliyengoja miaka mingi mno aitwe.

Alishindwa hata kumchukia. Alisimama kizingitini, mguu mmoja nje, akilitafuta jina jingine lolote ambalo mwanawe angelijua kuwa ni lake.

"Mama," mtoto akasema, akimshika mkono kwa vidole vya moto, "funga mlango. Baridi inaingia."