Chetezo cha Osob

Harufu ya unsi ilimpokea Osob mlangoni, na chetezo chake hakikuwa kimetiwa kaa tangu Jumamosi.

Jumamosi hiyo mumewe Abshir aliwapeleka wake zake wawili kwenye hifadhi ya msitu kando ya Mto Tana, nje ya Garissa, wakatazame twiga. Ilwad, mke mdogo mwenye miezi minne tu ya ndoa, alikalishwa mbele. Njia nzima Abshir alimchekea yeye. Osob huko nyuma aliambiwa ashike chupa ya chai isimwagike.

Basi jua lilipokaribia kuzama, wenzake wakiwa mkekani, Osob alitoa chetezo kikapuni, akajitenga chini ya mkuyu, akawasha kaa na kutia unsi, ule udi wa sukari na manukato ambao mke hujifukizia chumbani akimngoja mumewe.

"Mama, moto hapana ruhusa hapa," askari wa hifadhi alimwambia kwa mbali.

"Si moto. Unsi tu."

Ilwad alimfuata mbio. "Abaayo, dada yangu, zima," alinong'ona. "Hii ya chumbani unafukiza porini, magharibi hii? Unamwita nani?"

"Mume wangu."

Abshir hakugeuka hata shingo. Ila matawi ya mkuyu yaliinama juu ya Osob, na upepo haukuwapo.

Usiku wa zamu ya Osob ulipofika, Abshir alikohoa kizingitini hadi akashika ukuta. Zamu iliyofuata aliingia, akaketi, na Osob akimmiminia chai aliona shingo ya mumewe ikibonyea upande mmoja, kisha upande wa pili, alama za vidole virefu kuliko vya mtu zikizama taratibu kwenye nyama huku harufu ya unsi ikijaa chumba kizima na kitu kisichoonekana kikipumua kwa hasira sikioni mwake yeye Osob, karibu kabisa, kama mtu aliyelala naye mto mmoja.

Abshir alichomoka nje, na kesho yake mchana Sheikh Aweys aliitwa. Alisoma hadi sauti ikakauka.

"Jini huyu anasema ulimfukizia, akaja," alisema kwa sauti ya chini. "Ana wivu na mumeo. Atamuua. Mwambie mara tatu kuwa humtaki, ataondoka."

"Sikutaki," Osob alisema. Ukuta ulitoa mlio. "Sikutaki."

Nje ya mlango simu ya Abshir iliita. "Nakuja, Ilwad, macaanto, mtamu wangu," alisema kwa upole ambao Osob hakuusikia miaka kumi na sita ya ndoa. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona wivu kwa ajili yake. Hata siku moja.

"Bado moja, binti yangu," sheikh alinong'ona.

"Ameshaondoka, sheikh. Nimemsikia akitoka." Kisha akamwambia mumewe kupitia mlango, bila uchungu wowote, "Nenda kwa Ilwad, Abshir. Na zamu yangu mpe yeye."

Walipokwisha kwenda wote, alifunga mlango, akatia kaa kwenye chetezo.