Bundi Aliyempiga Papa Hilaire

Rolande na mumewe Hilaire wanaishi Ixelles, mjini Brussels. Kwao ni Bukavu, Kongo. Rolande anatunza wazee. Hilaire anafanya usafi kwenye ofisi karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord. Wana binti mmoja, Sephora, na mbwa mdogo anayeitwa Bijou.

Kila jioni, baada ya kula, mmoja wao humtoa Bijou. Hupita kwenye bustani iliyo karibu, chini ya miti mikubwa.

Jioni moja ya mwezi wa tano, Hilaire alirudi mapema. Alikuwa amembeba Bijou kifuani. Damu ilikuwa inamtoka Hilaire nyuma ya sikio.

"Nani amekupiga?" Rolande aliuliza.

"Haiko muntu. Iko ndege. Sikusikia kitu. Paf! Kwa kichwa. Kisha akarudi, akataka kushika Bijou."

"Ndege gani?"

Hilaire alisita. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bundi."

Kwao, bundi akilia karibu na nyumba, wengi husema mtu atakufa. Na wiki hiyo mama yake Hilaire alikuwa amelazwa hospitali huko Bukavu. Wote wawili walimfikiria, lakini hakuna aliyemtaja.

"Kesho nitaenda na fimbo," Hilaire alisema. "Nitabomoa nyumba yake."

Rolande aliosha kidonda kwa maji mengi na sabuni. Alikuwa na hofu, lakini pia alikuwa na swali. Njia ile waliipita mwaka mzima. Kwa nini bundi amepiga sasa?

Kesho yake aliwauliza majirani. Kumbe Hilaire hakuwa peke yake! Océane wa ghorofa ya pili alinyang'anywa kofia. Mzee Abdul-Aziz alikwaruzwa kwenye upara. Wote walipigwa kwa nyuma, wakati giza linaingia. Na wote walikuwa chini ya mti uleule, ule wenye shimo kubwa.

Rolande akaenda kwa Nadia, jirani wa chini. Nadia ni Mrundi wa Bujumbura. Anafanya kazi mahali wanapotibu ndege na wanyama wa porini walioumia.

Nadia alimsikiliza mpaka mwisho, hata habari ya mama mkwe aliye hospitali. "Maman Rolande, nusu ya jibu umeshaipata mwenyewe. Twende jioni tukaangalie. Lakini tutakaa mbali."

Jioni walikaa kwenye benchi, mbali na ule mti. Nadia alikuwa na darubini. Hilaire naye alikuja, fimbo mkononi.

"Angalia tawi lile, chini ya shimo," Nadia alimwambia.

Hilaire aliangalia. Aliona kitu cha kijivu, cha mviringo, kama pamba. Kitu hicho kikageuza kichwa. Kilikuwa na macho mawili makubwa, meusi.

"Iko mutoto!"

"Ndiyo. Ametoka shimoni, lakini bado hajui kuruka. Anatembea kwenye matawi tu. Wazazi wake wanamlinda. Wakiona mbwa, wanafikiri anakuja kumla. Wakiona mtu, vilevile."

"Na juu ya nini sikusikia?"

"Manyoya ya mabawa ya bundi ni laini sana. Anaruka bila kelele. Ndivyo anavyokamata panya."

Hilaire alishusha darubini. "Alors, haiko habari ya maman yangu?"

"Papa Hilaire," Nadia alisema polepole, "bundi huyu hajui Bukavu iko wapi. Anajua mti wake tu. Mama tumwombee, na wewe umpigie simu."

Hilaire aliweka fimbo chini ya benchi.

"Bon. Tufanye nini?"

"Muache njia hii kwa wiki chache. Mupite upande wa pili wa bustani. Kama lazima upite hapa, fungua mwavuli au vaa kofia ngumu. Bijou afungwe kamba, akae karibu na miguu yako. Na usiguse shimo lile. Sheria inalinda ndege hawa. Tena, ukibomoa, watoto waliobaki ndani watakufa. Halafu nenda kwa daktari na hicho kidonda. Kucha za bundi ni chafu. Huenda ukahitaji sindano ya pepopunda."

Hilaire alikwenda kwa daktari. Océane alibandika tangazo mlangoni, lenye picha ya bundi na ya mwavuli. Watu wakaanza kupita upande wa pili. Hakuna aliyepigwa tena.

Siku moja mchana Sephora alimkuta mtoto wa bundi kwenye nyasi. Alitamani sana kumchukua nyumbani. Lakini kwanza alimvuta Bijou nyuma, akampigia simu Nadia.

"Ameumia? Anatoka damu?"

"Hapana. Ananiangalia tu."

"Basi usimchukue. Rudi nyuma, umuangalie."

Sephora alingoja. Mtoto wa bundi aliufikia mti, akauma gome kwa mdomo, akashika kwa kucha, akaanza kupanda. Alipanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Sephora hakujua kama ndege anaweza kupanda mti kwa miguu.

Mwezi wa saba watoto wale walikuwa wanaruka. Wazazi hawakuwa na haja ya kupiga mtu tena. Familia ikarudi kwenye njia yake.

Mama yake Hilaire naye alikuwa ametoka hospitali. Jumapili moja Hilaire alimpigia, akamweleza habari yote: kichwa, damu, fimbo, mtoto kama pamba.



"Na batoto yake banakula nini?" mama aliuliza.

"Panya, maman. Panya mingi, kila usiku."

"Panya?" Mama alifikiri kidogo. "Basi utume bundi moja hapa Bukavu. Huku panya inatumaliza."