Nani Alikata Mti wa Mpaka na Power Saw Yangu?

"Leo nakukata vile umekata huo mti!"

Hayo maneno aliniambia shemeji yangu Kipkurui, panga mkononi, mbele ya nusu ya kanisa letu. Mimi bado nilikuwa na Biblia kwapani.

Wasomaji wangu, sikuwa nimekata mti wowote...

Lakini power saw, ule msumeno wa mashine, ilikuwa yangu. Ilikuwa imenaswa ndani ya mti wa mpaka, imebanwa kabisa, nusu ndani nusu nje. Mashine yenyewe sikuwa nimemaliza hata wiki tatu nayo!

"Shemeji, nimetoka kanisani sasa hivi. Waulize hawa!"

"Nyamaza! Nani mwingine hapa ako na power saw?"

Nilimwangalia. Shati lilikuwa limelowa jasho, viatu vimejaa matope. Kanisani hakuonekana. Nikasema moyoni, ni wewe, mshenzi wewe.

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza kwa sauti. "Mbona umelowa jasho Jumapili?"

Watu wakageuka kumwangalia. Mke wake, Fancy, akaja akanishika mkono.

"Pole, Mama Ian," akaninong'oneza. "Mungu anaona."

Huyo ndiye alikuwa rafiki yangu. Msisahau hayo maneno yake.

Wacha niwarudishe nyuma kidogo.

Naitwa Sally. Naishi upande wa Kapsoit, kwenye shamba la chai aliloniachia marehemu mume wangu. Shamba la Kipkurui linapakana na langu, na katikati kuna mti mmoja mkubwa wa tebeswet ambao baba mkwe alipanda mwenyewe kuonyesha mpaka. Ukiutoa huo mti, hakuna mtu anajua mistari mitatu ya chai iliyo kando yake ni ya nani. Ni hiyo chai inayosomesha mwanangu Ian.

Tangu mume wangu afariki, Kipkurui alinifanya nijute kuolewa kwao. Nikimwita mtu wa power saw anikatie kuni, yeye anasimama kwa gate.

"Kwa ndugu yangu hakuingii mwanaume!"

Mtu wa power saw anawasha pikipiki yake anaenda. Mimi narudi kwa shoka. Mti wangu wa bluegum umeanguka tangu mvua ya Aprili, na mimi napasua kidogo kidogo kama panya. Bega likaniuma mpaka nikashindwa kuchuna majani.

Siku moja nikachoka. Nikasema, nanunua yangu.

Kipkurui alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanamke na power saw? Utajikata miguu, halafu tukubebe."

"Nikijikata, usinibebe," nikamjibu.

Aliyeniunga mkono ni mmoja tu. Fancy. Hata alinisindikiza kwenye hardware ya Wanjuhi, mama mmoja asiyecheka ovyo.

Kwenye ukuta kulikuwa na mashine zimepangwa. Fancy akakimbilia ile kubwa kuliko zote, bar yake, ile chuma ndefu ambayo cheni inazunguka, inchi ishirini na nne!

"Chukua hii, Mama Ian! Wakuheshimu!"

Wanjuhi hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Unataka kukata nini?"

"Kuni tu, mama. Bluegum imeanguka, na vile vishina vya chai tukipruni matawi."

"Nene kama nini?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Kama sufuria ya ugali ya watu sita hivi.

"Basi hiyo kubwa ni ya nini? Hiyo ni ya watu wa mbao. Itakuvunja mgongo, na ikikurukia usoni hautaweza kuizuia." Akanitolea ndogo, inchi kumi na nne. "Ibebe. Zunguka nayo duka lote. Mkono ukichoka, si yako."

Nilizunguka. Mkono haukuchoka.

"Lakini hii ni kama toy!" Fancy akasema. Alikasirika kabisa. Nilidhani ananionea uchungu. Mjinga mimi!

Wanjuhi akanifundisha kila kitu. Nivae gumboot na glavu. Cheni isilegee.

"Na hii si pikipiki," akaniambia. "Ukiweka petroli peke yake, engine inashika, unatupa. Lazima uchanganye na oil yake. Na ukimaliza kazi, maliza mafuta kwa tank. Usiiweke na mafuta ndani."

Mfuniko wa ile oil ulikuwa na ufa, inavuja. Nilipofika nyumbani nikaimimina kwenye chupa tupu ya mafuta ya kupika. Ni kitu kidogo, lakini kishikeni.

Wiki hizo mbili za kwanza, Fancy alikuwa kwangu kila jioni. Ananishikia gogo. Anachungulia nikichanganya mafuta. Anauliza, hii ni ya nini, hii inavutwaje... Nikamfundisha mpaka akaiwasha mwenyewe. Tulicheka siku hiyo, nikafurahi sana. Nilisema, heri nimepata dada.

Alijua hata mahali naweka ufunguo wa jikoni, nilikoweka mashine. Chini ya debe la maua.

Halafu ikatangazwa kwamba Jumanne watu wa kupima mashamba wanakuja, kila mtu apate title yake, hati ya shamba.

Na Jumapili ndiyo hiyo, mti umekatwa.

Turudi pale kwa mti.

Mzee wa kijiji, Mzee Kipchirchir, alifika na fimbo yake.

"Kipkurui, weka panga chini. Hapa si buchari."

Akaliweka. Mzee akauzunguka mti polepole.

"Aliyekata alitaka mti uangukie upande wa Sally, ionekane ni yeye amekata. Lakini mti umeinama huku huku alikokata. Ukaikalia mashine." Akapima kwa fimbo. "Na bar ni fupi. Ingekuwa ndefu, mti ungekuwa chini saa hii."

Nilimwangalia Kipkurui kwa chuki, wasomaji wangu. Chuki ya kweli!

"Sema ulikuwa wapi!"

"Kipkelion! Nilienda kuangalia ng'ombe. Kurudi, pikipiki ikaisha mafuta njiani, na niliweka Jumamosi! Nimeisukuma mpaka hapa!"

"Uongo!"

"Mama wewe, hiyo takataka yako hata sijui inawashwa aje!"

Watu wakaguna. Hakuna aliyemwamini, na mimi nilifurahi. Nilitaka afukuzwe. Nilitaka alale selo!

Vijana wakapigilia kipande cha mti kwenye mkato, ukafunguka kidogo, wakaitoa mashine. Mzee akanigeukia.

"Iwashe, tuone kama imeharibika."

"Mzee, haina mafuta. Niliimaliza Ijumaa."

Nikafungua tank. Ilikuwa na mafuta!

Nikavuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ikakohoa. Mara ya tatu ikawaka, ikatoa moshi mzito.

Na huo moshi... ulinukia mandazi.

Si utani! Mama mmoja wa kwaya akageuka kuangalia nyuma.

"Nani anakaanga mandazi saa hii?"

Nikazima haraka.

Mtu hakuwa ametumia oil yangu. Hiyo naifungia chumbani kwangu, mbali na jiko, na ufunguo natembea nao. Aliyeikosa alienda kuchanganya petroli na mafuta ya kupika. Sasa niambieni, mtu mwenye akili anawekaje mafuta ya kupika kwa power saw?

Labda kama aliwahi kuniona nikimimina kutoka kwa chupa ya mafuta ya kupika.

Na aliyeniona ni mtu mmoja tu, duniani kote.

Niligeuka taratibu. Fancy alikuwa ameuachilia mkono wangu.

"Fancy," nikasema. "Leo hukuja kanisani."

"Kichwa kilikuwa kinauma."

"Umeweka nini kwa mashine yangu?"

"Mimi? Unanisingizia mbele ya watu? Baada ya vile nimekusaidia?"

"Umeiua, Fancy. Hayo mafuta yameiua engine."

Hapo ndipo akalipuka.

"Si wewe mwenyewe ulikuwa unaweka ya kupika! Nilikuona na macho yangu!"

Hata yeye alisikia alichosema. Akaziba mdomo na mikono miwili, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, yamesimama katikati yetu sote.

Kipkurui alikuwa wa mwisho kuelewa. Aliangalia pikipiki yake. Akaangalia tank ya power saw. Akamwangalia mke wake.

"Petroli yangu," akasema pole pole. "Ulitoa petroli yangu."

"Nilifanya kwa ajili ya watoto wetu! Wewe unapiga kelele tu kila siku, hakuna kitu unafanya! Mistari mitatu, Kipkurui! Mistari mitatu!"

"Huo mti ulipandwa na baba!"

Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Aliketi chini kwenye matope, mwanaume mzima, akashika kichwa.

Nilijisikia vibaya, nakubali. Nikamsogelea.

"Shemeji, nimekuonea. Nisamehe."

Akainua macho. Yalikuwa makali vile vile.

"Mama Ian, mimi sikupendi. Sijawahi kukupenda na sitakudanganya. Lakini mpaka wa baba siwezi gusa."

Ndiyo maneno ya ukweli zaidi niliyowahi kuambiwa katika hiyo familia.

Jumanne wapimaji walikuja, mti ukiwa umesimama na kidonda chake ubavuni. Wakaandika mpaka pale pale ulipokuwa. Wazee walimtoza Fancy ng'ombe wa kutuliza boma. Mashine nilirudisha kwa Wanjuhi, fundi wake akaifungua, akaiosha, akairudisha. Kumbe haikuwa imekufa. Nilisema vile kwa hasira tu, na hasira yangu ikanisaidia.

Kipkurui hanisalimii mpaka leo. Lakini kwa gate hasimami tena.

Sasa wewe unayesoma hapa na unataka power saw yako ya kwanza, nakuambia bure. Nunua inayotosha kuni zako, usinunue ya kuonyesha watu. Ningesikiliza ya Fancy, leo mti uko chini na mimi na mtoto wangu tunaitwa wezi wa mashamba.

Na anayekutukana mbele ya watu, huyo unamjua, unaweza kupanga naye. Mchunge anayekushikia gogo ukikata, anauliza maswali mengi, na anajua ufunguo uko chini ya debe gani.

Debe la maua bado liko pale. Chini yake nimeacha ufunguo wa zamani, usiofungua mlango wowote. Wiki jana nilikuta umesogezwa.