Anwani Isiyotulia

Walikutana kwenye foleni ya ofisi ya mtandao: watu arobaini, viti sita. Nesi alikuwa bado na sare yake nyeupe, kamba za raba zimelegezwa kwa maumivu. Mbele yake alisimama fundi wa ruta, vile visanduku vinavyoleta intaneti nyumbani, shati limepauka mabegani.

"Dada, utaanguka. Kalia boksi langu la vifaa."

"Nikikaa sitainuka."

Akakaa. Akamweleza: mama yake amepooza upande mmoja, anashinda peke yake, naye anataka kumwona kwenye simu akiwa wodini.

Siku hiyohiyo Fundi akafunga kamera nyumbani kwao, ikitazama kitanda cha mama. Akafungua mlango mmoja kwenye ulinzi wa ruta, akauelekeza kwenye kamera, ili simu ya Nesi iifikie kutoka nje. Tatizo likabaki moja: kila umeme ulipokatika na kurudi, nyumba ilipewa anwani mpya ya mtandao, na simu ya Nesi ikawa inabisha hodi kwa watu wengine.

"Usijali. Ruta itanitumia anwani mpya, mimi nitakupigia."

Akapiga, miezi minne, karibu kila siku.

"Andika, mpenzi. Mia moja na mbili, nukta..."

"Polepole, nimeshika sindano."

"Umekula?"

"Hiyo nayo ni anwani?"

Ndivyo walivyopendana, watu wawili waliochoka, kwa kusomeana tarakimu.

Mchana mmoja umeme ulikatika, ukarudi. Fundi alikuwa juu ya paa la mteja, simu imeisha chaji. Mama akateleza kando ya kitanda, akalala sakafuni saa nzima mpaka jirani aliposikia. Wodini, Nesi aliikodolea macho skrini nyeusi.

Mtu wa kompyuta wa hospitali ndiye aliyemfumbua macho: nyumba huweza kupewa jina la mtandao, simu ikaliita hilo badala ya tarakimu, na anwani ikibadilika jina huifuata lenyewe. Kazi ya dakika kumi.

Nesi akampigia Fundi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza. Ningeweka jina, ningekupigia kwa sababu gani?"

"Sababu yako imemvunja mama mkono."

Akakata simu, akalia chooni, akarudi kazini.

Kesho yake Fundi alikuja, akaweka jina. Akazima umeme mara tatu. Mara tatu kamera ikarudi. Kisha akapiga magoti mbele ya mama.

"Nisamehe, mama."

"Mwanangu, mdomo ulikuwa nao," mama akasema kwa shida. "Ungesema tu unampenda."

Nesi hakumkaribisha kiti.

Wiki mbili zikapita. Umeme ulikatika mara tano, kamera haikukosea hata mara moja, na simu haikulia. Nesi alikuwa amepata alichokitaka, na kilimuuma. Siku ya kumi na tano, akitoka zamu, akapiga yeye.

"Umeme ulikatika tena. Umerudi."

"Jina lipo," Fundi akajibu haraka. "Utamwona tu."

"Namwona. Amelala."

"Basi... shida nini?"

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

Akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Sijakula, Fundi. Njoo. Boksi la vifaa liache huko."