Maji Katika Kikombe cha Bosi

Kila siku kengele ya kutoka shuleni ilipolia saa sita mchana, Chiriku hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza mlango wa nyuma wa kiwanda cha kufulia nguo, ambako mama yake alikuwa mpiga pasi. Pale mlangoni mvuke ulitoka kwa wingi, ukinuka sabuni na shuka za moto, na ndani mashine zilinguruma hata watu wakaongea kwa kupaza sauti.

Watoto wachanga hawakuruhusiwa kuingia humo kwa sababu ya joto na dawa za kutoa madoa. Kwa hiyo, wakati wa mapumziko, mama aliketi kwenye chumba kidogo cha kubadilishia nguo, akanawa mikono kwa sabuni, akakamua maziwa yake katika kikombe cha chuma chenye kifuniko. Alikiweka kikombe ndani ya mfuko wenye barafu. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuufikisha mfuko huo nyumbani.

"Kimbiza miguu, siyo mdomo," mama alimwambia siku hiyo. Chiriku halikuwa jina lake la daftarini, ila nyumbani na mtaani hakuna aliyemwita jina jingine, kwa jinsi alivyopenda kuongea. "Usisimame popote. Na usiubembeze mfuko."

"Nimesikia, mama. Kila siku unasema hivyo hivyo."

"Na kila siku nitasema. Huyo mdogo wako hana chakula kingine."

Mdogo wake alikuwa na miezi minne. Walimwita Bosi, kwa sababu akilia kila mtu nyumbani alisimama, hata baba, ambaye alikuwa dereva wa lori na hakuwa mwepesi wa kusimama. Asubuhi Bosi alilelewa na shangazi, dada yake baba. Mchana shangazi alikwenda saluni kusuka watu nywele, na Chiriku akashika zamu mpaka mama arudi.

Siku hiyo, kwenye uchochoro karibu na nyumbani, wenzake walikuwa wakiruka kamba. Mmoja wao, msichana mwembamba aliyeitwa Sindano, alimwona.

"Yaya anapita! Jamani mpisheni yaya!"

"Sina muda, Sindano."

"Ruka mara moja tu. Au miguu imeota mizizi?"

Chiriku hakupenda kutaniwa. Aliuweka mfuko juu ya ukuta mfupi, akaingia kwenye kamba. Aliruka vizuri hata wenzake wakaanza kumhesabia. Ghafla kamba ilipaa upande, ikaupiga mfuko, ukaanguka. Alipoufungua, kifuniko kilikuwa kimefyatuka, na nusu ya maziwa ilikuwa imeingia kwenye barafu.

"Pole," Sindano alisema. "Lakini si maziwa tu? Siyo dhahabu."

Chiriku alikibana kifuniko upesi. Alikuwa akimwona mama ameinama pale kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akikamua huku saa ya mapumziko inamkimbiza.

Nyumbani, shangazi alikuwa tayari ameshika mkoba. "Umechelewa! Wateja wangu wamekaa na vichwa nusu!" Akamkabidhi mtoto, akatoka mbio. Chiriku alibaki na Bosi mkono mmoja na kikombe kilichopungua mkono mwingine. Uani kulikuwa na pipa la maji ya kufulia na kuoshea vyombo. Aliangalia huku na huku, akachota, akajaza kikombe mpaka pale maziwa yalipofika siku zote. Kwa macho tu usingejua kitu.

Bosi alikunywa yote, akalala. Alipoamka alilia, na Chiriku akampa maji kidogo, akanyamaza. Kwa kawaida jioni kabla mama hajarudi mtoto huyo alijaza nyumba nzima kilio. Siku hiyo mama alimkuta kimya.

"Leo umembembeleza vizuri, mwanangu. Hongera."

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Kesho yake Chiriku hakumwaga hata tone, lakini aliongeza maji vilevile, ili Bosi ashibe mapema na yeye apate kukaa mlangoni na wenzake. Siku iliyofuata aliongeza zaidi. Kumwaga kulikuwa bahati mbaya. Haya mengine aliyachagua mwenyewe.

Kila wiki walitembelewa na mtafiti kutoka kituo cha afya. Majirani walimwita Dada wa Mizani, kwa sababu alitembea na mizani ya kuning'iniza. Yeye na wenzake walikuwa wakifuatilia watoto ambao mama zao wanafanya kazi mbali na nyumbani. Walitaka kujua kama mtoto anayenyweshwa maziwa yaliyokamuliwa hukua sawa na yule anayeshinda na mama yake.

Jioni ya siku hiyo ya tatu alifunga mizani kwenye fremu ya mlango, akamweka Bosi ndani ya kitambaa chake. Mshale ulisimama. Aliutazama, akamtoa mtoto, akampima tena.

"Amepungua," alisema polepole. "Wiki zote alikuwa anapanda. Mama, kuna chochote alichopewa zaidi ya maziwa yako? Uji? Maji?"

"Hata tone," mama alijibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Dada wa Mizani aliandika. Chiriku alisimama nyuma ya pazia, akisikia yote.

Alipoondoka tu, shangazi alianza. "Wifi, mimi nilisema mapema. Maziwa yako mepesi. Unasimama kwenye pasi mchana kutwa, joto lote lile, yatakuwa na nini? Mnunulie maziwa ya kopo."

"Huyu dada anasema maziwa ya mama hayawi mepesi."

"Huyu dada anasema! Na mizani inasemaje?"

Mama alimbeba mtoto, akaingia ndani. Baadaye, wakiwa wawili jikoni, alimwuliza Chiriku bila kumtazama, "Mchana unampa nini mwenzio?"

"Maziwa tu, mama."

Jumamosi asubuhi Bosi aliamka akiharisha. Kila nepi iliyobadilishwa ililowa tena. Kufika saa nne hakuwa na nguvu hata ya kulia vizuri. Alitoa sauti nyembamba, isiyo na machozi. Mama alimgusa utosi, akatoa mkono haraka.

"Umebonyea," alisema. "Chiriku, lete nguo zake. Twende!"

Kituo cha afya hakikuwa mbali, lakini mama alikimbia kama mtu anayefukuzwa, na shangazi akamfuata huku kiatu kimoja kimefungwa na kingine kinaburuzika. Daktari alimlaza Bosi mezani. Alimfinya ngozi ya tumbo taratibu, akaiachia. Haikurudi upesi, ilibaki imesimama kidogo kama kitambaa kilichokunjwa. Mara hiyo daktari akaacha maneno mengi. Alimwagiza muuguzi alete dawa ya kurudisha maji mwilini, wakaanza kumnywesha kwa kijiko.

Dada wa Mizani, aliyekuwa chumba cha pili, alisikia, akaja.

"Amekula nini?" daktari aliuliza. "Nahitaji kujua tunapigana na kitu gani."

"Maziwa yangu tu, daktari. Naapa."

"Basi ni hayo hayo!" shangazi alisema, sauti ikimtetemeka. "Mtoto anakwisha, na mnaendelea kumpa hayo hayo!"

Bosi aligeuza uso kwenye kifua cha mama yake, akitafuta ziwa. Mama alianza kufungua kifungo cha blauzi, kisha mkono ukasimama. Akakifunga tena.

"Labda kweli," alisema. "Labda ni mimi ninayemuua. Simnyonyeshi tena."

Alitazama ukutani ili asimwone mtoto akitafuta. Bosi alifungua kinywa, akafunga, akafungua.

Chiriku alijua akisema atachapwa, atatukanwa, na habari itafika mpaka kwa baba. Lakini alitazama kile kinywa kidogo kinachofunguka bure, akaona hawezi tena.

"Siyo maziwa, mama. Ni maji."

Wote waligeuka.

"Maji gani?" mama aliuliza.

"Ya pipa. Nilimwaga maziwa nikaogopa, nikajazia maji. Halafu... halafu nikawa naongeza kila siku, ili asilie. Nilikudanganya jikoni."

"Pipa la uani?" shangazi aliruka. "Lile ninalosuuzia matambara? Ewe mtoto, nikikushika—"

"Hapana, shangazi," daktari alimkatiza. "Amenipa nilichokuwa natafuta. Kelele baadaye." Akamgeukia mama. "Mnyonyeshe sasa hivi, na kila atakapotaka. Maziwa yako hayana kosa, na kwa ugonjwa huu ni sehemu ya matibabu. Tutaendelea na dawa ya kijiko, tena tutampa vidonge vya zinki, visaidie kukomesha kuhara."

Mama alifungua kifungo. Mwanzoni Bosi alinyonya kwa uvivu, akachoka, akalala, akaamka, akanyonya tena. Walikaa hivyo kwenye benchi mchana wote, Chiriku kasimama pembeni akiogopa hata kukaa. Hakuna aliyemchapa, na hilo lilimwuma zaidi kuliko fimbo.

Jua lilipoanza kupoa, shangazi alimpokea mtoto ili mama anyooshe mgongo. Ghafla akapiga kelele. Gauni lake lilikuwa limelowa mapajani.

"Amekojoa! Wifi, amekojoa! Bosi ametia saini!"

Alicheka huku machozi yanamtoka. Daktari naye alitabasamu, maana mtoto anayekojoa maji yameanza kumrudia mwilini. Mama alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika.

Dada wa Mizani alimkalisha Chiriku karibu yake.

"Sikiliza. Tumbo la mdogo wako ni dogo kama ngumi. Ukilijaza maji, ananyamaza, lakini hajala. Na maji machafu yanampa kuhara. Kabla ya miezi sita hahitaji maji, hata wakati wa joto, kwa sababu ndani ya maziwa ya mama maji yamo ya kutosha. Yana kinga ya maradhi pia. Na siyo faida ya mtoto peke yake. Kunyonyesha kulimsaidia mama yako tumbo la uzazi kurudi upesi baada ya kujifungua, na watafiti waliofuatilia akina mama kwa miaka mingi wameona kunapunguza hatari ya saratani ya matiti. Leo kidogo tu aiache faida hiyo, kwa ajili ya kitu ulichokijua wewe peke yako."

"Nisamehe, dada."

"Mwombe mama yako. Mimi nikueleze jingine. Juzi niliandika kwamba mtoto huyu alipewa maziwa ya mama tu, akapungua. Kama usingesema, maneno hayo yangekwenda kwa watu wasiokujua, na pengine mama mwingine, mbali na hapa, angeambiwa maziwa yake yakikamuliwa hayafai. Uongo wa jikoni kwenu ungeingia jikoni kwake." Alitoa daftari lake. "Nami nilikosea. Nilimwuliza anayekamua, sikumwuliza anayeshika kikombe. Kuanzia wiki ijayo kila nyumba nitawauliza wote wawili."

Mama alikuwa ameondoa viganja usoni, akisikiliza. Chiriku alimwendea, akapiga magoti mbele ya benchi.

"Nisamehe, mama. Sitarudia."

"Nina hasira," mama alisema. "Usidhani zimekwisha. Ulisikia shangazi yako anayasema maziwa yangu, ukaniacha niamini." Alimpangusa mwanawe uso kwa ncha ya kanga, kwa nguvu kidogo. "Jumatatu utapita kiwandani kama kawaida."

"Bado utanipa kikombe?"

"Nitakupa. Mtu yeyote anaweza kumwaga maziwa, hata mimi. Kumwaga hakuui mtoto. Kinachoua ni kuficha. Sasa ninajua kwamba ukimwaga utaniambia."