Niliuza Zamu za Mchanga, Shoga Yangu Akalipa Ng'ombe

Nianze na gharama, maana mimi ni mtu wa biashara na siwezi kuongea na mtu kabla hajajua bei. Mkasa huu umegharimu vyumba viwili vya darasa, ng'ombe mmoja ambaye hakuwa wangu, na mwanamke aliyekuwa akiniachia watoto wake kama vile mimi na yeye tulizaliwa tumbo moja. Nimejumlisha mara mbili. Jibu ni lile lile...

Nina umri wa miaka arobaini na mmoja. Nilizaliwa Shinyanga mjini, baba yangu mtu wa Tabora, mama yangu wa Tanga. Nilipoachika nilimchukua binti yangu Zuhura, nikafuata riziki kwenye machimbo ya Nyang'hwale. Kijiji sitakitaja, na majina nimeyabadilisha. Nina kibanda cha mchele, dagaa, sabuni na betri za tochi. Hata mchimbaji aliyetoka kuuza dhahabu huingia kwangu amenuna, maana anajua tutavutana bei mpaka achoke, na atakayechoka ni yeye.

Wa kwanza kunipokea pale alikuwa Mama Kulwa, Msukuma wa Didia aliyeolewa kijijini hapo. Mimi nyumbani tuliongea Kiswahili tu, sikuwa naweza kutamka hata "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na yeye ndiye aliyenifundisha, akinicheka jinsi ninavyoitamka kama naita mbuzi. Nilipougua homa alinipikia uji na kunifungulia duka. Alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto.

Kulwa alikuwa akitembelea gongo. Shule ilikuwa mbali, na njia yake inapita katikati ya maduara, yaani mashimo ya dhahabu yaliyochimbwa yakaachwa wazi. Siku moja ya mvua mtoto hakuliona shimo. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu haukunyooka tena.

Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza kwamba iko tayari kutuletea saruji na mabati tukijenga wenyewe shule shikizi ya watoto wadogo, mnaweza kukisia nani alifika mkutanoni wa kwanza.

Tuliambiwa tutoe mawazo. Jamani, mawazo yalitoka! Wanaume walitaka ianze nyumba ya mwalimu, wanawake wakataka vyoo vya wasichana. Mzee mmoja akashauri pajengwe kwanza stoo ya kuhifadhia vifaa, na alipoulizwa itahifadhi vifaa gani akasema hilo litajulikana mbele. Mama Kulwa alichukua kijiti akachora chini. Madirisha yasielekee mwaloni, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa na kuoshwa, kwa sababu ya vumbi. Na mlangoni pasiwe na ngazi, pawe na mteremko. Hakusema kwa nini. Kila mtu alimwangalia Kulwa na gongo lake, na hoja ikapita.

Ikakubaliwa pia kwamba kila kaya itabeba mchanga kutoka mtoni, kwa zamu. Kwetu kazi ya kijiji haina utani. Ukiikwepa au kuiharibu unapigwa mchenya, adhabu ya kimila: unalipa ng'ombe, na mpaka ulipe hakuna anayekusalimia wala kukuchotea moto. Mama Kulwa akapewa kusimamia zamu. Mimi nikaingizwa kamati ya manunuzi kwa kura nyingi. Mwenyekiti wa kijiji alisema huyu mama hata jeneza atapunguziwa.

Nilicheka. Nilijisikia vizuri, nikiri.

Sasa sikilizeni nilivyofanya.

Wenye maduka na mabosi wa maduara hawakutaka kubeba ndoo. Mmoja alikuja dukani akaniuliza kama sina kijana wa kumbebea. Nikamwambia nipe hela, mchanga wako utafika. Akalipa bila hata kuvutana, jambo ambalo lilinisikitisha kidogo. Akaja wa pili, akaja mwingine... Niliuza zamu za kijiji kama ninavyouza dagaa, kwa kipimo na kwa siri.

Mwanzo nilikuwa na nia ya kuwalipa vijana wabebe. Wallahi nilikuwa nayo. Lakini vijana walitaja bei ya kunikera, na siku hiyo hiyo mwenye mwalo aliniambia anatafuta mtu wa kumwondolea marudio. Marudio ni ule mchanga unaobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa. Alisema ule wake umeshapelekwa kusafishwa tena na tena, hauna kitu, unamjazia nafasi tu. Bure!

Mnajua neno hilo linavyomfanya mtu kama mimi?

Nilikodi trekta kutoka kijiji kingine siku ya mnada wa Kharumwa, kijiji kikiwa kitupu. Marudio yakamwagwa nyuma ya lundo la mchanga wa mtoni. Aliyekuwepo ni fundi peke yake. Aliuchota, akaupitisha kati ya vidole.

"Mama Zuhura, huu ni laini kama unga wa ngano. Utashika kweli?"

Nikamwambia ni wa mto wa juu, yeye akande tu. Fundi ni mtu wa kulipwa kwa siku, akakanda. Walipomaliza kupiga lipu alienda kutafuta kazi nyingine Geita, na sijamwona tena.

Mama Kulwa alipotoka mnadani alishangaa lundo lilivyokua. Nilimwambia watu wamehamasika. Alifurahi mpaka akanishika mikono.

Shule ikaisha. Ikapakwa chokaa, mteremko ukawekwa, Kulwa akaupanda na kushuka siku ile mpaka mama yake akamkataza kwa kuchoka kumwangalia. Watoto wakaanza kusoma huku tukisubiri mhandisi wa halmashauri aje kuikagua ili isajiliwe na tuletewe walimu wa kudumu.

Kabla hajafika, akafika mchimbaji mmoja kumchukua mwanawe. Aliegemea ukuta akimsubiri. Mchimbaji hawezi kuegemea kitu bila kukikwangua... Alikwangua kwa ukucha, akaona rangi ya kijivu anayoijua. Akachukua lipu kidogo kwenye kofia, akaenda kuiosha kwenye karai.

Ikatoka dhahabu.

Kumbe kule mwaloni walikuwa wamechanganya malundo. Mzigo ambao haujasafishwa vizuri ulikuwa umeingia kwenye ule wa kutupa. Mwenye mwalo alinipa mali yake bila kujua, na mimi nikaibandika ukutani bila kujua. Kwa mara ya kwanza maishani nilipata bidhaa kwa bei ya chini kuliko thamani yake, na ndiyo iliyoniangamiza.

Kuanzia hapo kila asubuhi tulikuta ukuta umeliwa. Wengine walikwangua kwa visu, wengine kwa misumari. Lipu ilipoisha wakahamia kwenye saruji iliyo kati ya matofali. Hata watoto walikuwa wakijaza mifukoni na kucheza machimbo wakati wa mapumziko. Mkutano ukaitwa kukemea, na waliokemea kwa sauti kubwa nilikuwa nimewaona na makarai yao.

Bwana afya alikuja akasema marudio yana zebaki, ni sumu, watoto watoke humo haraka. Mhandisi naye akaja siku mbili baada ya upepo kuuangusha ukuta wa nyuma. Ashukuriwe Mungu, palikuwa hakuna mtu. Aliusukuma ule uliobaki kwa kiganja, akatikisa kichwa, akarudi kwenye gari. Usajili hakuna. Watoto wakarudi kwenye njia ile ile ya maduara, Doto akitangulia kupima njia kwa fimbo, Kulwa nyuma na gongo lake.

Nilikuwa nawaona wakipita mbele ya duka langu kila asubuhi. Walikuwa wananisalimia, "Shikamoo Mama Zuhura." Nikawa naitikia marahaba nikiwa nimeinama, najifanya napanga sabuni.

Ndipo kikaitwa kikao cha kumtafuta aliyeleta marudio. Msimamizi wa mchanga ni nani? Mama Kulwa. Mume wake anafanya kazi wapi? Mwaloni, anasaga mawe. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Mmoja akasema walikuwa wanaficha dhahabu ya wizi kwenye mchanga wa shule ili waje waichukue baadaye. Uongo mtupu, lakini ulikaa vizuri kwenye masikio ya watu.

Wale walionunua zamu kwangu wote walikuwepo. Kila mmoja aliangalia miguu yake. Wangenitaja mimi, wangejitaja kwamba walikwepa kazi ya kijiji, na ng'ombe wangewatoka. Mwenye mwalo naye angejitaja kwamba sumu ilitoka kwake. Nilihesabu nyuso zao, nikahesabu tena, nikajua hakuna atakayefungua mdomo. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nafanya wakati shoga yangu amesimamishwa katikati ya watu!

Mama Kulwa hakulia. Aligeuka akanitafuta kwa macho.

"Mama Zuhura, wewe umeniona nikibeba. Waambie."

Nilisimama. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilisimama kama sikuwa na nia ya kusema.

"Nilikuona ukibeba, shoga," nikasema. "Ndani ya ndoo kulikuwa na nini, sikuangalia."

Nikakaa. Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema basi, imetosha.

Walipigwa mchenya. Ng'ombe wao alikuwa mmoja, yule wa maziwa ya watoto. Alichinjwa, nyama ikagawiwa kila kaya kama desturi ilivyo, na mimi nikaletewa sahani yangu. Kuikataa kungeleta maswali... Niliila. Zuhura aliniuliza mbona sitafuni vizuri, nikamwambia ngumu.

Adhabu ikalipwa, lakini watu hawakumrudia. Kisimani walimpisha, kwenye msiba walimnyima kazi. Mwenye mwalo akamwachisha kazi Baba Kulwa, maana hakutaka watu waanze kuuliza marudio yalitokaje. Mwishowe wakafunga mizigo kurudi Didia kwa wazazi wa mama.

Siku ya kuondoka alikuja dukani. Niliogopa, nikajua leo ndiyo leo. Alikuwa amekuja kunirudishia sufuria niliyomwazima wakati wa ujenzi, ya kuwapikia wabebaji uji. Aliiweka juu ya meza.

"Sufuria yako hii. Angalia ndani kabla hujapokea."

Sikuangalia. Nilishindwa hata kumwambia safari njema. Kulwa akanipungia mkono akiwa juu ya trekta, maana mtoto hajui kitu.

Wasomaji wenzangu, nimeandika haya kwa sababu ya kilichotokea wiki iliyopita. Halmashauri imekubali kutupa nafasi nyingine. Tukaitwa tena kutoa mawazo. Mtu akasimama akapendekeza mchanga wa mto ule usiguswe kabisa kwa sababu "yule mama aliuharibu". Wakapiga makofi. Halafu mwenyekiti akataja kamati ya manunuzi, na jina la kwanza likawa langu! Alisema mimi ndiye niliyebaki mwaminifu. Wale walionunua zamu ndio walionyoosha mikono juu zaidi.

Mteremko wa Kulwa bado upo. Umebaki peke yake, unapanda kwenda kwenye mlango usiokuwepo.

Nimenunua mtamba, ng'ombe mzuri, na kwa mara ya kwanza sikuomba kupunguziwa. Amefungwa uani kwangu. Majirani wananipongeza kwamba biashara inaenda. Kila nikimwona nakumbuka ile sahani.

Nawasihi, hasa nyinyi wenye akili za biashara kama mimi: kijiji kikikaa kikapanga kitu cha watoto, kifanyeni kama kilivyopangwa. Msitafute upenyo wa faida humo. Mimi niliupata, na niliuona mdogo kabisa, wa ndoo chache tu za mchanga. Na mkiona mtu anahukumiwa kwa kosa mnalolijua, semeni siku hiyo hiyo. Nilidhani nitasema kesho yake. Kesho yake nilikuwa na maneno mengi zaidi ya kueleza, na kila siku yakaongezeka.

Sasa naomba ushauri. Mkutano wa mwisho kabla ya ujenzi ni Jumamosi. Nikisimama pale nikasema ukweli, najua yatakayonikuta, na kibanda nitakifunga. Hilo nimeshalikubali. Lakini nianzie wapi? Niende Didia kwanza na huyu ng'ombe nimpigie magoti Mama Kulwa, au nimsafishe kwanza jina mbele ya watu ndiyo nimfuate? Nikianza na ng'ombe ataona nakuja kununua msamaha, na ananijua ninavyonunua. Nikianza na mkutano, atazisikia habari zangu kutoka kwa watu wengine tena.

Niambieni nyinyi mliowahi kukosea hivi. Na kama kuna anayesoma hapa akajua ni mama gani ninayemsema, namwomba asimfikishie. Wenye hela kijijini hawakubeba mchanga wao kwa sababu yangu. Huu niacheni niubebe mwenyewe.