Ishirini na Wawili Waliosahauliwa

Watu walimwita Ngazi. Alikuwa fundi wa kupaka rangi, tena mrefu, na siku nzima alishinda juu ya ngazi akipiga mluzi. Jioni alirudi nyumbani na madoa mpaka masikioni. Mke wake, mshona viatu, alimtania, "Leo umepaka ukuta au umejipaka mwenyewe?"

Kisha Ngazi akashikwa na homa kali. Daktari alisema imeletwa na virusi. Baada ya siku kumi homa iliisha, lakini nguvu hazikurudi. Miezi minane ikapita. Akishaoga, ilimbidi alale kidogo ndipo avae shati. Sauti ya redio ilimchosha. Alisoma mstari mmoja mara tatu bila kuuelewa. Ajabu zaidi, akifanya kazi kidogo leo, hakuzidiwa leo. Alizidiwa kesho au kesho kutwa, akalala siku tano.

"Kaka, vipimo vyote safi," mdogo wake alimwambia. "Huo ni ugonjwa wa kupenda kitanda."

Ngazi alicheka naye, lakini maneno yale yalimchoma.

Jirani yao alikuwa muuguzi. Jumamosi moja alileta viatu vyake vibadilishwe soli. Alimkuta Ngazi amelala sakafuni mchana, uso umempauka.

"Shemeji, ukilala vizuri, unaamka na nguvu?" aliuliza.

"Naamka kama nilivyolala."

"Na ukijikaza ukafanya kazi?"

"Kesho yake hata kijiko kizito."

Muuguzi alivuta kiti, akakaa.

"Basi huu si uvivu. Kuna watu ambao homa ya virusi ikiisha, mwili hubaki umevurugika. Vipimo vya kawaida mara nyingi havionyeshi kitu. Uchovu una sababu nyingi, ndiyo maana daktari alikupima damu kwanza. Lakini huku kuzidiwa baada ya kazi ndogo ni dalili kubwa ya ugonjwa huu."

"Dawa yake?"

"Ya kuumaliza bado haijapatikana, sikufichi. Kinachosaidia wengi ni kutumia nguvu zako kwa kipimo. Pumzika kabla hujachoka, usingoje uchoke."

"Yaani niache kazi nikiwa bado naweza?" Ngazi alishangaa. "Fundi gani huyo?"

"Fundi anayetaka kesho aamke," mke wake alijibu, huku akigonga msumari.

Muuguzi alimwambia pia kwamba hayuko peke yake. Wagonjwa kama yeye walikutana kila Jumatano katika chumba cha nyuma cha kliniki.

Jumatano hiyo mke wake alimsindikiza. Mapazia yalikuwa yamefungwa kwa sababu mwanga mkali uliwaumiza baadhi yao. Watu wanane walikuwemo. Watatu walikuwa wamelala kwenye mikeka. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliendesha mkutano akiwa chali, na kitambaa juu ya macho.

"Karibu sana, mgeni," alisema. "Hapa ukilala, hatusemi umesinzia. Tunasema unasikiliza."

Ngazi alicheka kicheko cha kweli, cha kwanza kwa miezi mingi.

Lakini wiki ile ile daktari wa kliniki alibandika tangazo mlangoni. Lilisema utafiti mpya umethibitisha kwamba mazoezi huponya uchovu wa baada ya virusi. Kila mgonjwa atembee kwa haraka, na kila wiki aongeze dakika tano. Atakayekataa hatapewa barua ya kuombea kazi nyepesi.

Ngazi alilisoma mara mbili. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa inaingoja barua hiyo. Bila barua, hana kazi.

"Daktari amesoma," alimwambia mke wake. "Sisi ni nani tumbishie?"

Akaanza kutembea. Siku ya kwanza alirudi akitabasamu. Siku ya pili alirudi ameshika ukuta. Siku ya nne hakuinuka. Kwa wiki mbili mke wake alimlisha uji kwa kijiko. Mdogo wake alipokuja na kuona hali ile, hakutania tena. Alikaa kando ya kitanda, akasema, "Kaka, nisamehe."

Ngazi alipoweza kukaa, alirudi kwenye kikundi.

"Mimi nimeumia," alisema. "Lakini mimi ni mtu mmoja. Labda wengine wanapona."

"Umesema la maana sana," mwalimu alijibu. "Hatuwezi kuukataa utafiti kwa sababu umetuudhi. Tuisome ripoti yenyewe, siyo tangazo."

Muuguzi aliwatafutia ripoti. Wakaisoma kwa zamu, dakika kumi kusoma, dakika kumi kupumzika. Neno gumu walimuuliza muuguzi. Iliwachukua Jumatano tatu. Ya nne, walimwalika daktari.

Daktari alikuja, mama wa makamo mwenye haraka. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Daktari," mwalimu alianza, "waliopimwa walichaguliwaje? Ripoti inasema ni watu waliochoka kwa miezi sita. Haisemi kama walizidiwa baada ya kazi ndogo, kama sisi."

Daktari alifungua ukurasa. "Kweli, hilo halikuulizwa."

"Basi huenda wengi walikuwa na uchovu wa aina nyingine."

"Lakini walisema wanajisikia nafuu."

"Walisema," alidakia mshona viatu. "Kuna aliyehesabu hatua zao? Kuna aliyeuliza kama wamerudi kazini? Mume wangu naye siku ya kwanza alisema anajisikia nafuu!"

Watu walicheka. Ngazi akainua mkono.

"Mimi si msomi, daktari. Lakini nikipaka nyumba ya vyumba sitini, halafu nikamwonyesha mwenye nyumba thelathini na vinane tu, ataniuliza vingine viko wapi. Hapa walianza watu sitini. Mwishoni wamehesabiwa thelathini na wanane. Wale ishirini na wawili wako wapi?"

Kwenye mkeka wa pembeni, mwanamke aliyekuwa mwokaji mikate aliinuka polepole, akashikilia ukuta.

"Mmoja yuko hapa," alisema.

Watu wote waligeuka.

"Nilikuwa kwenye utafiti huo; mlipokuwa mnaisoma ripoti, mimi nilikuwa kitandani. Wiki ya tano sikuweza kutoka kitandani. Sikurudi tena, na hakuna aliyenipigia simu. Kumbe matokeo yameandikwa bila mimi."

Daktari aliifunga ripoti. Kisha akavua miwani.

"Nilisoma muhtasari tu," alikiri. "Nilitaka kuwasaidia, nikawaumiza. Naomba radhi."

"Hatupingi utafiti, daktari," mwalimu alimwambia kwa upole. "Tunautaka kuliko mtu yeyote. Tunataka ulio mzuri."

Siku hiyo hiyo tangazo liliondolewa. Daktari aliwaandikia watafiti, na barua ya wagonjwa ikaenda pamoja na yake. Watafiti hawakukasirika. Waliwatafuta watu wale ishirini na wawili, mmoja mmoja. Wakapata kumi na tisa. Kumi na sita walikuwa wameacha kwa sababu hali ilizidi kuwa mbaya.

Miezi michache baadaye ripoti ilisahihishwa, ikiwaonya madaktari wasimlazimishe mgonjwa wa aina hii kuongeza mazoezi. Kwenye ukurasa wa kwanza iliandikwa: "Kosa hili lilionwa na wagonjwa." Watafiti wakawaomba mwalimu na mwokaji wasaidie kuandika maswali ya utafiti unaofuata.

Ngazi alipata barua yake. Sasa anachanganya rangi akiwa ameketi. Anafanya kazi nusu saa, anapumzika nusu saa, hata kama anajiona ana nguvu. Hajapona kabisa. Lakini tangu aanze utaratibu huu, hajalala kitandani wiki nzima hata mara moja, na rangi anazochanganya zinasifiwa na mafundi wote.

Ripoti mpya ilipofika, mwalimu aliisoma kwa sauti. Kikundi kizima kilishangilia, wengine wakiwa wamelala, mikono juu.

"Pigeni makofi taratibu," mwalimu alionya, machozi yakimtoka. "Msimalize nguvu za kesho!"

Hapo mlango ukafunguliwa. Msichana mmoja alisimama, amechoka, macho chini.

"Samahani," alisema. "Nyumbani wanasema najifanya."

Ngazi alimsogezea kiti.

"Kaa, dada," alimwambia. "Hapa tunakuamini. Na tunajua kusoma."